Rupia, shilingi ya simba na kopo la babu

Testi zimeisha, bumu bado liko njiani (tumeshazoea), na wenzangu wa chumbani wameenda kuangalia mpira. Kwa hiyo nina usiku mzima wa kuandika. Kuna watu kila siku mnaniuliza, "Bwana mwalimu, ile stori ya rupia uliyoahidi iko wapi?" Haya, leo naitoa. Ni ndefu, tafuteni karanga.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mtoto wa Muleba, mkoa wa Kagera, nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hesabu na Jiografia. Agosti 2024 nilikuwa fildi kwenye shule moja ya sekondari ya kata huko huko Muleba, nalala nyumbani kwa bibi upande wa Kamachumu. Babu alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Mwezi huo ukoo ulikutana kumaliza mambo yake: nani anabaki kwenye kibanja, nani anachukua baiskeli, deni la nani halijalipwa. Mnajua vikao vya kwetu, vinaanza saa nne asubuhi na ndizi zinapoa mara mbili.

Ndani ya sanduku lake la bati, chini ya makoti mawili na kadi ya chama cha ushirika, kulikuwa na kopo la majani ya chai. Ndani ya kopo, sarafu 38. Shangazi alizimwaga kwenye ungo na mezani kukawa kimya. Kisha baba mdogo akasema neno moja tu: "Rupia."

Kama umekulia Tanzania huhitaji kuelezwa neno hilo linafanya nini kwenye vichwa vya watu. Kila mkoa una stori zake. Mjerumani alifukia mali chini ya mwembe, chini ya boma, chini ya daraja. Kuna mtu ana rupia moja na akimpata mzungu wa kweli anaondoka na mamilioni. Bukoba ndiyo usiseme, kwa sababu Wajerumani walikuwepo kweli. Emin Pasha alifungua kituo chao pale mwaka 1890, na Juni 1915 Waingereza wakavuka ziwa na kuuvamia mji. Mahali palipopigwa vita na watu wakakimbia, lazima pazaliwe hadithi za mali iliyozikwa.

Baada ya siku tatu tu (habari za kijijini zinakwenda mbio kuliko intaneti) akaja mgeni. Suti ya kaki, begi la mkononi, simu mbili. Akajitambulisha kama mtaalamu wa mali kale. Akazitazama sarafu zetu kwa kioo cha kukuzia, akaguna, akatikisa kichwa kama daktari. Akasema ana mzungu Mwanza anayenunua, na moja tu ikiwa "hai" inaweza kuleta milioni mia moja. Kisha akatoa mfukoni rupia yake mwenyewe ya mfano, akaisogeza karibu na sindano, sindano ikaruka na kunata. Akafanya hivyo kwa zetu. Hakuna kilichonata. "Hizi zimelala," akasema. "Zinahitaji dawa ya kuziamsha na kuzipima. Dawa inatoka nje. Milioni moja na laki nane."

Cheko? Ngojeni kwanza. Baba mdogo hakucheka. Yeye ndiye omusika, mrithi aliyekabidhiwa nyumba na kibanja, na siku ile alikuwa na mtoto aliyechaguliwa kwenda kidato cha tano, mama yake (yaani bibi) ana presha ya kumeza vidonge kila siku, na paa la nyumba kubwa linavuja. Hela hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kahawa ya msimu unaofuata, ambayo bado ilikuwa maua mtini. Kwa ambao si wa Kagera: kuuza kahawa ingali maua kunaitwa butura. Unapewa hela leo, nusu ya nusu ya bei, halafu msimu ukifika mwenye hela anakuja kuvuna na wewe unasimama mlangoni unamwangalia. Serikali inaipiga marufuku, viongozi wanaikemea kila mwaka, na watu wanaifanya usiku. Butura imeshamaliza familia nyingi kwetu. Na baba mdogo alishaongea na mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta ukweli wa zile sarafu, na ndio sehemu ninayotaka mkae nayo.

Kwanza nilizipanga. Saba zilikuwa senti za shimo katikati, zile za shaba za wakati wa Mwingereza. Ishirini na tisa zilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, upande mmoja kichwa cha mfalme, upande mwingine simba amesimama na milima nyuma yake. Bibi huiita "ile ya entale", yaani ya simba. Mbili zilikuwa rupia kweli za Mjerumani: upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita yenye tai juu, upande wa pili nembo ya kampuni yao ya Afrika Mashariki, na humo pia yumo simba, amesimama chini ya mnazi.

Mnaona jambo hapo? Kaisari alileta simba. Mfalme wa Uingereza akamwondoa Kaisari, lakini simba akabaki. Tukapata uhuru, mfalme akaondoka, na leo ukishika shilingi mia mbili yetu iliyoanza kutolewa 1998, upande mmoja ni Mzee Karume na upande mwingine simba wawili. Wakubwa wanabadilishana upande wa kichwa, mnyama habanduki.

Pili niliangalia miaka. Shilingi ya simba iliyotengenezwa kuanzia 1921 mpaka 1946 ina fedha ndani yake, lakini robo tu, yaani asilimia 25. Kuanzia 1948 hadi 1952 haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kwa macho huwezi kuzitofautisha haraka, ila mwaka umeandikwa pale pale juu ya sarafu. Kati ya zetu 29, ishirini na moja zilikuwa za zamani na nane za baada ya vita. Rupia ya Mjerumani ni kitu kingine, ina fedha karibu asilimia 92.

Tatu nilizipima. Niliomba mizani ya maabara shuleni (mwalimu wa kemia alidhani nimeanza biashara ya madini). Shilingi ya simba ikiwa mpya ni gramu 7.78, zetu zilikuwa zimelika kidogo. Rupia ni gramu 11.66. Haya, fanyeni hesabu na mimi, daftari la rafu linatosha:

Shilingi moja ya simba: robo ya 7.78 ni kama gramu 1.94 za fedha. Mara 21, kama gramu 40.8.

Rupia moja: kama gramu 10.7 za fedha. Mara 2, gramu 21.4.

Jumla gramu 62.2. Sasa, fedha duniani huuzwa kwa wakia, ile aunsi ya madini, ambayo ni gramu 31.1. Kwa hiyo kopo zima la babu, pamoja na simba wake wote na Kaisari wake wawili, lilikuwa na wakia mbili za fedha. Wakia mbili! Bei ya fedha inapanda na kushuka kila siku na unaweza kuiangalia kwenye simu, lakini siku zote ni sehemu ndogo sana ya bei ya dhahabu. Wakia mbili hazinunui hata pikipiki mtumba. Mkusanyaji anaweza kukupa zaidi ya bei ya madini, hasa kwa zile rupia mbili, lakini hizi si sarafu adimu, zilitengenezwa kwa wingi na ziko nyingi duniani. Milioni mia haipo hapo.

Nne, sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Shaba haivutwi. Dhahabu haivutwi. Sarafu inayonasa sindano ina chuma ndani au imefichwa sumaku. Kwa maneno mengine, katika sarafu zote zilizokuwa juu ya ule ungo, ya bandia ilikuwa moja tu, ile iliyotoka mfukoni mwa mgeni. Zetu hazikuwa "zimelala". Zilikuwa zinasema ukweli.

Msinielewe vibaya, uvumi huu una mzizi. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na meli haziingii, walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora. Ina tembo amenyanyua mkonga na nyuma yake mlima. Zilitoka kama 16,000 tu. Hiyo wakusanyaji wanaitafuta kweli na wanalipa vizuri kweli. Kwa hiyo kuna chembe ya dhahabu ndani ya hadithi, na matapeli wanaishi kwa hiyo chembe.

Baada ya hapo nikanogewa, nikaendelea kusoma usiku kwa simu, bando likiniishia kila mara. Wadau, kuna dunia nzima ya sarafu za wanyama wetu ambazo sisi hatujawahi kuzishika!

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu kwenye mpango wa kimataifa wa kuhifadhi wanyama, uliohusisha WWF, ambao nchi nyingi zilishiriki. Shilingi 25 ya fedha ina twiga. Shilingi 50 ya fedha ina faru. Shilingi 1,500 ya dhahabu ina duma. Ile ya faru, kwa toleo la kung'arishwa lililotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, ina gramu 35, na fedha asilimia 92.5. Yaani faru mmoja yule ana fedha zaidi ya simba 16 wa babu. Zaire nao waliingia kwenye mpango huo huo wakatoa sokwe wa milimani, okapi na chui. Mwaka 1986 Tanzania ikatoa tena ya fedha, shilingi 100, yenye tembo na mtoto wake.

Halafu kuna hizi za siku hizi, za watu wanaoweka akiba kwa fedha badala ya benki. Moja iliyo maarufu ni tembo wa Somalia. Inatengenezwa Munich, Ujerumani, wakia moja ya fedha karibu safi kabisa, na kila mwaka tembo anabadilishwa mkao: mwaka huu anatembea, mwaka ujao yuko na ndama. Mfululizo huo ulianza na jina la Zambia mwaka 1999, na tangu 2004 unabeba jina la Somalia na nembo yake yenye chui wawili. Jirani zetu kabisa Rwanda, ambao ukitoka Ngara unavuka tu daraja la Rusumo, nao jina lao liko kwenye wakia ya Afrika tangu 2008. Walianza na sokwe, mwaka uliofuata tembo. Nayo pia hutengenezwa Ujerumani.

Zinafanyaje kazi? Sarafu ina thamani iliyoandikwa, mfano shilingi 100 za Somalia, lakini hakuna anayeipeleka dukani, kwa sababu madini yake peke yake yana thamani mara nyingi zaidi ya hicho kilichoandikwa. Nchi inatoa jina na nembo, kiwanda kinatoa kazi, mnunuzi analipa bei ya fedha pamoja na nyongeza ya uzuri na uchache. Anaifungia ndani ya kifuko cha plastiki na kuiweka kabatini Frankfurt au Texas. Mwanamogadishu wa kawaida anaweza kuzeeka bila kuiona. Kiswahili chetu kina neno moja, fedha, kwa madini na kwa hela. Kwa wenzetu wa kabatini neno hilo bado ni moja. Kwetu sokoni yaliachana siku nyingi.

Nilipowaza hivyo nikaamua kulipeleka darasani. Kidato cha pili, somo la Jiografia, mada inahusu maliasili. Nikawaambia kila mtu kesho aje na sarafu yoyote aliyo nayo nyumbani (na arudi nayo, nisije nikaitwa na mkuu wa shule). Wakaja nazo. Hamsini ya 1996, faru na mtoto wake. Mia, swala wanakimbia. Mia mbili, simba wawili. Mia tano ya 2014, nyati. Mmoja ambaye baba yake anafanya biashara Mutukula alileta za Uganda: mia yenye ng'ombe, mia mbili yenye samaki, mia tano yenye korongo. Tulijaza ubao mzima. Kisha nikawauliza, kati ya wanyama hawa mmewaona wangapi kwa macho? Samaki na ng'ombe mikono yote juu. Nyati, mikono minne. Simba, hakuna. Faru, darasa likacheka.

Hapo niliwaambia kitu ambacho hata wadau wengi hapa chuoni hamkijui. Kisiwa cha Rubondo, hapo hapo kwenye ziwa letu, kililetewa faru weusi miaka ya 1960, kabla hakijawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wakaisha kwa ujangili. Wakati ile shilingi 50 ya faru inatolewa 1974, nchi hii ilikuwa na maelfu ya faru weusi. Kufikia miaka ya 1990 walibaki makumi tu. Tembo nao: sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya 109,000 nchi nzima, ya 2014 ikahesabu 43,330. Miaka mitano! Na miaka yote hiyo mitano tembo alikuwa anatutazama kutoka kwenye noti ya elfu kumi.

Kuna mwanafunzi mmoja, kwao ni upande wa Burigi, karibu na hifadhi ya Burigi-Chato iliyoanzishwa 2019. Mtoto mkimya, anakaa nyuma. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona tembo wa kwenye noti kila mtu anamtaka, lakini akija shambani kwetu hatumtaki?" Darasa likacheka tena, yeye hakucheka. Nilikuwa na andalio la somo zuri tu, lenye malengo mahususi na zana, na hakuna mahali palipokuwa na jibu hilo. Nikamwambia ukweli, kwamba wewe ndiye unayelipa gharama ya kuishi naye, na wengi wanaompenda kwenye noti hawalipi kitu. Tukalijadili mpaka kengele ikalia. Mwalimu aliyekuja kunikagua siku ile aliniandikia "muda haukuzingatiwa". Sawa tu.

Turudi kwa baba mdogo, maana maua ya kahawa hayasubiri.

Kwetu huwezi kumwambia baba yako mdogo mbele za watu kwamba anatapeliwa. Ukifanya hivyo hata kama una haki umekosea, na atauza kibanja kizima kukuonyesha kwamba yeye ni mtu mzima. Kwa hiyo nilianza kwa bibi. Jioni moja tunatafuna akamwani, nikamwekea zile sarafu kwenye mkeka, nikamuuliza babu alizipata wapi. Nilitegemea stori kubwa, labda babu yake babu alikuwa askari wa Mjerumani. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Waitu, mume wangu," (ananiita hivyo, mimi ndiye mwenye jina la babu) "hiyo si hazina. Babu yako alichelewa. Alikuwa Uganda anafanya kazi, mimi niko hapa na watoto. Aliporudi na akiba yake, hela ya entale ilikuwa haipokelewi tena dukani. Akazungusha huko na huko, akabadilisha baadhi, hizi zikambakia. Zile mbili za Mjerumani zilikuwa za mama yake. Akaziweka pale ili asisahau."

Asisahau nini? "Kwamba hela ina siku yake ya kufa."

Wadau, mimi nimesoma moduli ya uchumi wa elimu kurasa mia na kitu na hakuna sentensi iliyonikaa kama hiyo.

Bibi ndiye aliyeitisha kikao. Mgeni akaja na begi lake. Nikaomba ruhusa kwa baba mdogo, kwa heshima zote, niulize swali moja. Akaniruhusu. Nikasema: "Mzee, familia inakuamini. Hatuna milioni moja na laki nane, lakini sarafu zina mamilioni. Basi nunua dawa kwa hela yako, mzungu akilipa ukate milioni kumi badala ya moja na laki nane. Tuandikishane hapa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji." Mwenyekiti alikuwepo, bibi alishamwita, na kalamu alikuwa nayo. Mgeni akatabasamu. Akasema wazo zuri. Simu yake moja ikaita, akatoka nje kuongea, akasogea mpaka barabarani kupata mtandao vizuri. Bodaboda ikapita. Mpaka leo anatafuta mtandao.

Ningependa kuwaambia kwamba baba mdogo alinikumbatia. Hapana. Alikaa wiki mbili bila kunisemesha zaidi ya salamu. Moyoni mwake, mwenye kisomo alimfukuzia mzungu wake. Na mimi namwelewa. Yule mgeni hakumuuzia rupia, alimuuzia paa lisilovuja na mahitaji ya shule ya mtoto, na vile vitu viwili mimi sikuwa navyo mfukoni. Ukimwondolea mtu ndoto kwa hesabu za gramu, unatakiwa uwe na kitu cha kuweka mahali pake. Nilichoweza ni kwenda naye chama cha ushirika kuuliza utaratibu wa malipo, na kumwandikia binamu yangu barua za kuomba kulipa michango ya shule kidogo kidogo. Kahawa haikuuzwa maua. Msimu uliofuata ilivunwa na mwenyewe, ikauzwa kupitia chama. Paa bado linavuja upande mmoja. Binamu anasoma.

Halafu mambo yakajirudia kwa namna nyingine. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani, za kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010 (ile yenye Ukumbi wa Nkrumah wa hapa Mlimani nyuma yake, mnaikumbuka?), zibadilishwe benki kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, baada ya hapo basi. Nilikuwa huku chuo. Nikampigia bibi. Kimya kwenye simu. Kisha: "Mume wangu, elfu kumi zangu za kunizikia ni za zamani." Zilikuwa 34, za toleo la 2003, kwenye kitambaa chini ya godoro. Laki tatu na arobaini.

Nilipompigia baba mdogo hakuniuliza swali hata moja. Kesho yake alimpakiza mama yake kwenye bodaboda mpaka Muleba mjini, wakapanga foleni, wakabadilisha zote. Jioni akanipigia mwenyewe, mara ya kwanza tangu Agosti: "Mwalimu, safari hii hatukuchelewa."

Kopo tuligawana. Bibi aliamua: kila mjukuu simba mmoja, rupia mbili na zilizosalia zibaki nyumbani. Wangu ni wa 1942, amelika pua, nipo naye hapa kwenye kompasi pamoja na rula. Kuna jamaa wa Hall ya pili ameniambia atanipa elfu ishirini. Siuzi.

Sasa nyie. Najua wengi mna kopo kama hilo huko nyumbani, Moshi, Songea, Tabora, popote. Likizo ikifika lifungueni, soma mwaka, pima uzito, weka sumaku. Msizisugue kwa majivu wala steel wire, sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji haitaki. Mtu akitaka hela yako kwanza ndipo akuletee mnunuzi, mwiteni mwenyekiti na kalamu. Na kabla ya kupima chochote, muulizeni aliyebaki hai anayejua zilifikaje pale, maana yeye hayumo kwenye mizani.

Kwa leo niishie hapa, jamaa wanarudi kutoka kwenye mpira na kwa makelele haya naona tumefungwa. Wiki ijayo nitawaandikia kuhusu senene na jinsi wanavyosafiri kwa basi kutoka Bukoba mpaka hapa Mabibo. Msuli mwema.